Karanga chotara zimeugua zote: nizing'oe?

SWALI: Nilichavusha karanga aina ya Pendo, inayokomaa mapema, kwa chavua ya aina ya ICGV-SM 90704 inayostahimili ukoma wa karanga (ugonjwa wa virusi, rosette). Nilipata mbegu 14. Miche yote imedumaa, majani ni madogo na ya njano. Nimekosea wapi? – Msomaji, Masasi

JIBU: Tafadhali usizing'oe. Ukinzani huo unabebwa na jeni mbili, zote fifu, yaani kila moja hufanya kazi mmea ukiwa na nakala zake mbili tu. Chotara wa kizazi cha kwanza ana nakala moja tu ya kila jeni, kwa hiyo vidukari wenye virusi wakimfikia ataugua. Kizazi hiki kilipaswa kukuzwa ndani ya neti. Hata hivyo, ukoma hauambukizwi kwa mbegu. Vuna kila punje, hata zikiwa tatu kwa shina.

Kwanza hakikisha ni chotara kweli. Tazama shina kuu: Pendo hutoa maua hapo, chotara wa baba huyu mara nyingi hatoi. Shina kuu likiwa na maua, huenda ua lilijichavusha, kosa la kawaida kabisa, kwani chavua ya karanga humwagika kabla ua halijafunguka. Toa stameni (viungo vya kiume vya ua) jioni ya kuamkia siku ya kuchanua, kuanzia saa kumi: shika chipukizi kwa vidole, kunja petali kubwa nyuma, sukuma chini petali zinazofunika stameni, kisha ng'oa vifuko vyote vya chavua kwa kibano chenye ncha kali. Kimoja kikibaki, kazi imeharibika. Paka chavua ya baba kesho yake kabla ya saa tatu asubuhi, funga uzi wa rangi kwenye kifundo, na uchume kila siku maua mengine ya shina hilo.

Kizazi cha pili, yaani mimea ya mbegu utakazovuna kwa chotara hawa, ndicho cha kuchuja. Mmea mmoja kati ya 16 hubeba ukinzani kamili. Mbegu 320 zitakupa kama 20. Hapa usikinge: panda kwa kuchelewa, weka mistari ya Pendo iliyougua katikati ili vidukari wasambaze virusi. Mmea uliobaki kijani huenda umekwepa vidukari tu, kwa hiyo mbegu zake zipandwe mstari wake peke yake na zijaribiwe tena. Mavuno yapime kuanzia kizazi cha nne, kwa uzito wa punje za mstari mzima. Shina moja hudanganya, hasa likiwa pembeni penye nafasi.

SWALI: Zitastahimili kutu ya majani pia?

JIBU: Ukinzani wa ukoma haukingi kutu wala madoa ya majani. Kila ugonjwa upe alama zake peke yake, 1 (hakuna ugonjwa) hadi 9 (umezidi kabisa), karibu na kuvuna.