Fit au Vezel? Pima kwanza mawe ya njia ya kwako

MASWALI YA WASOMAJI: MAGARI

*Ninafundisha shule ya msingi huku Himbi, Goma, lakini ninakaa Ndosho ndani. Kutoka kwenye lami hadi mlangoni kwangu kuna kama mita 700 za mawe ya volkano matupu. Nina watoto watatu, na kila mwisho wa mwezi tunakwenda Sake kwa mama mkwe, tukirudi na mifuko ya maharage na viazi. Nimeonyeshwa magari mawili yaliyotumika Japani: Honda Fit ya 2014 yenye injini ya 1.3 na Honda Vezel ya 2015 yenye injini ya 1.5. Zote ni za esansi (petroli), si haibridi, zina CVT (giaboksi ya otomatiki ya mkanda) na zinavuta magurudumu ya mbele. Shemeji yangu anasema Vezel ni Fit iliyovalishwa viatu virefu, pesa ya juu ni ya bure. Je, anasema kweli?*
Mama mwalimu, Ndosho

Mama mwalimu, kuhusu viatu shemeji hakukosea. Fit ya kizazi cha tatu ilitoka Japani Septemba 2013, Vezel ikafuata Desemba ya mwaka huohuo, na zote mbili zimejengwa juu ya msingi mmoja. Chini ya tumbo Fit ina milimita 135, Vezel ya kuvuta mbele ina 185. Tofauti ni sentimita 5. Sasa pima tairi. Fit za aina hiyo zenye rimu 15 huvaa 185/60R15 (upana milimita 185, ukuta asilimia 60 ya upana huo, rimu inchi 15), Vezel ya rimu ndogo huvaa 215/60R16. Ukipiga hesabu, nusu ya kimo cha tairi ya Vezel inazidi ile ya Fit kwa milimita 30 hivi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya urefu huo ni viatu kweli.

Alipokosea ni kusema kwamba viatu ni vya bure. Huko Ndosho viatu ndiyo safari yenyewe.

Kabla ya kutoa hata dola moja, fanya kipimo hiki. Tafuta vipande vinne vya mbao: viwili vya kimo cha sentimita 10, viwili vya sentimita 15. Tafuta pia fito iliyonyooka ya mita mbili. Nenda mahali pabaya kuliko pote kwenye njia yako, weka vipande viwili vya sentimita 10 pale magurudumu yanapopita, kimoja kila upande, ulaze fito juu yake. Fito ikipita bila kugusa jiwe la katikati, Fit itapita. Ikigusa, rudia na vile vya sentimita 15, ambavyo ni vya Vezel. Tumepunguza sentimita 3 na nusu katika kila gari kwa sababu vipimo vya kiwanda ni vya gari tupu, na wewe unabeba watu watano na maharage. Rudia sehemu tano au sita, hasa pale njia inapokata kona, maana hapo magurudumu hayafuati mstari uliouzoea.

Fito ikigusa hata kwenye 15, gari lolote kati ya haya mawili litaumia. Wape vijana wa mtaa nyundo kubwa na pesa ya siku moja, wapunguze vichwa vya mawe. Ni nafuu kuliko karteri mpya, yaani bakuli la oili chini ya injini.

Karteri ndiyo ya kuogopa zaidi. Ikiwa ni ya bati, jiwe huibonyeza tu. Ikiwa ni ya aluminiamu inapasuka, oili inamwagika ndani ya dakika chache, na dereva asiyetazama taa nyekundu ya oili anaua injini kabla ya kufika kwenye lami. Tena magari haya mawili yana tangi la esansi chini ya viti vya mbele, si nyuma kama mengi uliyozoea. Ndiyo maana viti vya nyuma vinakunjwa hadi sakafuni na mifuko inaingia vizuri, lakini ndiyo maana pia jiwe la katikati halikutani na nafasi tupu. Gari lolote utakalochukua, liwekewe sahani ya chuma ya milimita 3 chini ya injini na giaboksi, ifungwe kwa bolti kwenye fremu ya mbele, iwe na tundu la kumwagia oili. Isigusane na karteri. Ikigusana, kila pigo linapita moja kwa moja.

Sasa ukuta wa tairi. Mawe ya volkano hayatoboi kama msumari, yanachana ubavu. Ukuta wa 185/60R15 una milimita 111, wa 215/60R16 una 129. Kuna Vezel za rimu 17, tairi 215/55R17, ukuta wake milimita 118. Zinapendeza macho, lakini kwako uzikatae au uzibadilishe rimu. Fungua buti vilevile utazame kama kuna tairi ya akiba. Magari mengi haya huondoka Japani na chupa ya gundi na pampu ndogo badala yake. Gundi hiyo inaziba tundu la msumari kwenye uso wa tairi unaokanyaga barabara, ubavu uliochanika haiuzibi kamwe. Omba tairi ya tano kwenye bei, na iwe ya kimo sawa na nyingine.

Usidanganywe kwamba rimu ya RAV4 itakufaa kama akiba ya Vezel. Zote zina bolti 5 kwenye duara la milimita 114.3, ni kweli, lakini tundu la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 60.1 na kitovu cha Honda ni 64.1. Haikai. Fit nayo ina bolti 4 kwenye duara la 100, kama Vitz, na hapo tena tundu la Toyota ni dogo: 54.1 dhidi ya 56.1. Kinachofaa kutoka kwa Vitz na Yaris ni tairi tu, kwa zile zinazovaa 185/60R15, na hilo ni jambo jema kwa Fit maana saizi hiyo haitafutwi mbali.

Kwenye injini Fit inamshinda ndugu yake. Ile 1.3 inapuliza esansi nje ya silinda, kwenye njia ya hewa, kwa presha ndogo. Ile 1.5 ya Vezel inapuliza moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa sana, na sindano zake hazisamehe maji wala vumbi. Ukinunua esansi ya madumu kwa akina kadhafi, wauzaji wa esansi wa kando ya barabara, Fit itakohoa, Vezel itakuletea deni. Mwenye Vezel ajaze kwenye kituo, asiache tangi lishuke chini ya robo, na pakiwa hapana budi kutumia dumu, achuje kwa kitambaa kizito na aache sentimita mbili za chini ndani ya dumu.

Kuhusu nguvu: Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15. Farasi 100 za Fit zinakuwa kama 85, 131 za Vezel kama 111. Fit ina uzito wa tani moja hivi, Vezel tupu inafika kilo 1,180. Barabara ya Sake haitamshinda yeyote kati yao. Kwa matumizi, karatasi za Japani zinaipa Fit 1.3 kilomita 26 kwa lita na Vezel 20.6. Hizo ni za maabara, usizitegemee. Kwa mjini, penye foleni na mawe, panga lita 7 kwa kilomita 100 kwa Fit na 9 kwa Vezel. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, tofauti ni lita 20. Zidisha kwa bei ya leo, utaona kama mshahara unaibeba.

Breki: Fit ina dramu nyuma na mkono wa kuvuta, fundi yeyote anazijua. Vezel ina diski nne na breki ya kuegesha ya umeme. Batiri ikifa ukiwa umeegesha, magurudumu ya nyuma yanabaki yamefungwa. Kubadilisha pedi za nyuma kunahitaji kwanza kurudisha mota, mara nyingi kwa skana, si kusukuma kwa bisibisi. Uliza fundi wako kama anayo kabla ya kumwachia ufunguo.

Uamuzi wetu: kwa mita 700 za Ndosho na watu watano, chukua Vezel hiyo, mradi ina rimu 16 na imepita ukaguzi wa chini. Ukikuta imechomelewa huko chini, au CVT inatetemeka inapoanza kuondoka, iache. Fit 1.3 safi yenye sahani ya chuma ni bora kuliko Vezel iliyochoka.

CVT ipime hivi: washa ikiwa baridi, subiri dakika mbili, ingiza D bila kukanyaga esansi. Gari litambae polepole bila kushtuka. Kisha rudi nyuma kwenye mwinuko. Ikisita kisha ikaruka, CVT imechoka. Oili yake ni HCF-2, ukimwaga zinatoka na kurudi kama lita 3 na nusu. Wengine wanamimina oili nyekundu ya giaboksi za kawaida kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, na hapo ndipo CVT nyingi hufia. Badilisha kila kilomita 40,000. Juu ya mawe weka L, ili gari lisiendelee kutafuta gia.

*Kuna Vezel ya kuvuta magurudumu manne. Si ndiyo nzuri zaidi kwa mawe?*
Mfanyabiashara, Birere

Ndugu yetu, hapana, na sababu itakushangaza: hiyo iko chini zaidi. Ile ya kuvuta mbele ina milimita 185, ya magurudumu manne ina 170. Mvuto wa nne unasaidia kwenye matope na utelezi. Kwenye jiwe kavu tairi halitelezi, tatizo ni kimo. Unaongeza uzito, oili ya difu ya nyuma, na sharti la kubadilisha tairi zote nne pamoja. Anayepanda mashamba ya Masisi wakati wa mvua ana hoja nyingine, ingawa hapo tungemtuma kwa gari la aina tofauti kabisa.

*Vezel haibridi inauzwa bei ya chini kuliko ya esansi. Kuna nini?*
Papa wa watoto wanne, Katindo

Kuna giaboksi, Papa. Haibridi ya kizazi hicho, Fit na Vezel zote, haina CVT. Ina gia 7 na klachi mbili kavu zinazoongozwa na kompyuta. Honda iliyaita magari hayo mara kadhaa kati ya 2013 na 2014 kurekebisha mfumo huo. Klachi kavu hazipendi mwendo wa konokono: unasogea, unasimama, unasogea kati ya pikipiki na chukudu, zinapata moto, onyo la joto linawaka, gari linakataa kuondoka. Juu ya mawe hali ni hiyohiyo. Ongeza batiri kubwa iliyo nyuma, inayopozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Vumbi letu likiziba njia hiyo, batiri inazeeka haraka. Bei ya chini ni ya haki, lakini si kwa Goma.

*Fit yangu inagusa. Fundi anataka kuweka vipande vya sentimita 4 juu ya amortisa. Nikubali?*
Dereva, Majengo

Usikubali 4. Anza na tairi: 185/65R15 inakupa milimita 9 bila kugusa chuma, na ukuta mrefu zaidi. Vipande vya sentimita 2, mbele na nyuma, vinavumilika ukipima upya pembe za magurudumu siku hiyohiyo. Ukifika 4, shafti za mbele zinakaa pembe mbaya, raba za jointi zinachanika, grisi inatoka, na baada ya miezi michache unasikia tak-tak-tak kila ukikata kona.

*Gari langu lina volani ya kulia. Usiku madereva wote wananiwashia taa. Nimekosa nini?*
Kijana, Keshero

Hukukosa kitu, ni taa zako. Taa za Japani zimetengenezwa kwa nchi inayotembea kushoto: mwanga wa chini unapanda upande wa kushoto. Congo tunatembea kulia, kwa hiyo unawapiga machoni wanaokuja, na upande wako wa kulia, waliko watembea kwa miguu, unabaki giza. Kuteremsha taa kwa skrubu kunapunguza ukali lakini hakugeuzi umbo la mwanga. Dawa ni kubadilisha taa nzima kwa zile za Jazz au HR-V za Ulaya bara, ndizo majina ya Fit na Vezel huko. Anayenunua sasa na pesa yake inafika, atafute hizo moja kwa moja, volani iko kushoto tayari.

*Fit ya 2005, bei ndogo sana. Ninunue?*
Mwanafunzi, Himbi

Angalia kwanza namba ya chasisi kwenye ukurasa wa Honda wa magari yaliyoitwa kurudishwa. Fit nyingi za kizazi hicho zilikuwa na mifuko ya hewa ya Takata, ambayo inaweza kulipuka ikirusha vipande vya chuma. Kama haikubadilishwa, usiketi mbele yake.