Shekhe, nguo zangu hazikauki mkojo wa mtoto, nitaswali saa ngapi?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mi ni mama wa watoto watatu, niko Tanga. Wa kwanza ana miaka minne, wa pili binti miaka miwili, wa mwisho wa kiume ana miezi mitano ananyonya tu hajaanza kula. Saa kumi alfajiri nishaamka nakaanga vitumbua vya kuuza, mume anatoka asubuhi anarudi baada ya Isha maana anapitia msikitini. Mkojo wa watoto haunitoki kwenye nguo. Dada mmoja kwenye darsa letu la kina mama alisema anayeswali na mtoto mgongoni au mapajani swala yake inakunjwa kama tambara bovu anapigwa nayo usoni, bora asubiri mpaka atoharike. Basi nasubiri usiku wakilala naoga naswali zote kwa mpigo, Adhuhuri, Asri, Magharibi na Isha, siku nyingine nasinziia kwenye sijda. Ni miezi mingi sasa. Allah ananikubalia kweli?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Mwanangu, swali lako nimelisoma mara tatu na limeninyima usingizi, maana najua hauko peke yako, kina mama wengi wako hivyo hivyo ila wanaona haya kuuliza.

Kwanza nikutulize moyo. Swala ulizokuwa unaziswali usiku zinahesabika, Isha umeiswali ndani ya wakati wake na zile tatu ni kadha, yaani swala iliyolipwa baada ya wakati wake kupita, deni umelilipa. Muombe Allah msamaha kwa kuzichelewesha na usizirudie tena. Lakini kuanzia leo hiyo tabia iishe, mwanangu, iishe kabisa, kwasababu kuitoa swala nje ya wakati wake ni jambo kubwa kuliko huo mkojo unaoukimbia.

Sasa tuje kwa huyo dada. Sisemi ana nia mbaya, ila anayekaa mbele ya watu akafundisha dini lazima ajue anachokisema, maana neno moja tu limekutoa kwenye swala tatu kila siku kwa miezi. Hayo maneno ya tambara bovu yamo kwenye hadithi aliyoipokea Twabarani, na isnadi yake, yaani mlolongo wa waliopokezana, ni dhaifu. Na hata tukiichukua hivyo hivyo, inamzungumzia nani? Inaanza na mtu aliyeswali nje ya wakati wake, alafu ndo inataja udhu na rukuu na sijda zisizokamilika. Mtoto hatajwi humo hata kwa herufi moja! Yaani kitisho kilichowekwa kwa anayechelewesha swala, yeye kakichukua kamtishia nacho mama mpaka mama kachelewesha swala. Hii inauma.

Na mtoto mgongoni au mabegani, tumuulize, Mtume swalla Allahu alayhi wasallam alifanya nini? Bukhari na Muslim, wale maimamu waliokusanya hadithi, wamepokea kwa swahaba Abu Qatada kwamba Mtume aliswali huku kambeba Umama, mjukuu wake, binti wa Zaynab. Akienda kusujudu anamuweka chini, akisimama anambeba tena. Riwaya ya Muslim inasema alikuwa anaswalisha watu, yaani msikiti mzima uko nyuma yake. Imamu Nawawi, ambaye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafi huku pwani, kaisherehesha hadithi hii akasema miili na nguo za watoto asili yake ni tohara mpaka najisi ihakikike. Kuhakikika, siyo kuhisi. Kwaiyo ukimbeba mtoto ambaye hujui kama kajikojolea, ye ni msafi na swala yako ni sawa. Ukijua kwa yakini kwamba pampasi imejaa, hapo usimbebe ukiwa kwenye swala, mbadilishe kwanza ndo uswali, ni dakika mbili tu. Tofauti ni hiyo, haina ugumu wowote.

Watu wanaipenda dini ngumu wakidhani ndo ucha Mungu. Kuna kisa Bukhari kakipokea, swahaba Abu Barza alikuwa anaswali kule Ahwaz, nchi ya Uajemi, na hatamu ya mnyama wake iko mkononi, mnyama akawa anamvuta na ye anamfuata huku anaswali. Mtu mmoja katika Khawarij, kundi lililojitenga na kuifanya dini ngumu, akaanza kumlaani. Alipomaliza Abu Barza akamjibu kwamba alipigana vita pamoja na Mtume mara sita au saba au nane na kaushuhudia wepesi wake, na yeye kumfuata mnyama wake ni bora kwake kuliko kumuacha aende zake akapata tabu. Sasa huyo ni mnyama wa kupandwa. We mtoto wako akitambaa kuelekea jiko la mkaa, au yule wa miaka miwili akainamia ndoo ya maji uani, hutakiwi hata kufikiria, kata swala umuwahi, ni wajibu juu yako, alafu urudi uanze upya.

Haya, mkojo. Usije ukasema shekhe kaudharau, hapana, mkojo ni najisi na nguo ya swala lazima iwe tohara. Ila Allah kakuwekea wepesi ambao inaonekana hujawahi kuelezwa. Ummu Qays binti Mihswan alimleta mtoto wake wa kiume ambaye hajaanza kula kwa Mtume, akampakata, mtoto akamkojolea nguoni. Mtume akaomba maji akanyunyiza pale na hakuifua nguo. Iko kwa Bukhari na Muslim. Mtoto wako wa miezi mitano ndo huyo huyo, wa kiume, ananyonya tu, na dawa ya kijiko haihesabiki kuwa chakula. Akikukojolea, futa ule umajimaji, chukua maji kwenye kopo nyunyizia mpaka yaenee pale palipoloa, basi, hakuna kukamua hakuna sabuni. Siku akianza uji wepesi huo unaisha na unafua kama kawaida. Binti mkojo wake unaoshwa tangu anazaliwa, imekuja hivyo kwenye hadithi ya Ali aliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Na hii ya kunyunyizia ni mkojo tu, choo hakimo.

Na kuna kitu hukuuliza ila najua kinakusumbua, udhu. Kumbadilisha mtoto pampasi hakuvunji udhu, kugusa najisi hakuvunji udhu, unanawa mkono tu. Kinachovunja kwa madhehebu yetu ni kiganja chako kugusa tupu yake bila kizuizi, hata kama ni mtoto mchanga. Wengine katika wanachuoni hawaoni kwamba inavunja. Ukitaka kutoka kwenye hilo tumia kitambaa au waipisi kiganja kisiguse, udhu wako unabaki.

Sasa nikupe la kufanya. Tafuta dera moja na mtandio mkubwa ambavyo kazi yake ni swala tu, vitundike kwenye msumari nyuma ya mlango juu kabisa mkono wa mtoto usifike. Adhana ikilia, unavua lile la vitumbua na mafuta na mikojo, unanawa sehemu iliyoguswa na najisi mwilini, siyo kuoga mwili mzima, unatia udhu unavaa lile safi, unaswali rakaa zako. Sura fupi zinatosha. Mtume mwenyewe alikuwa anaingia kwenye swala akitaka kuirefusha akasikia mtoto analia akaifupisha, kwa kujua uchungu anaoupata mama yake. Sasa kama imamu wa umma huu alifupisha kwa ajili ya mama aliyeko safu ya nyuma, we mwenyewe mama unajirefushia kwa ajili ya nani? Mtoto akilia swali naye hivyo hivyo, akikupanda mgongoni ukiwa kwenye sijda muache, Mtume alirefusha sijda mpaka watu wakadhani kuna jambo limetokea, kumbe mjukuu wake kampanda na hakutaka kumharakisha, iko kwa Nasai.

Siku zinazokushinda kabisa, watoto wana homa wote watatu, nguo zote zimeloa na mvua haijaacha, wanachuoni wa Kihanbali wamemruhusu anayenyonyesha kukusanya, yaani kuziswali pamoja ndani ya wakati wa mojawapo, Adhuhuri na Asri, au Magharibi na Isha, kwasababu ya taabu ya kufua kila swala. Madhehebu yetu yamebana zaidi hapo, lakini ipo hadithi ya Ibn Abbas kwa Muslim kwamba Mtume alikusanya akiwa Madina bila hofu wala mvua, Ibn Abbas alipoulizwa kwanini akasema hakutaka kuutia umma wake uzito. Mi nakwambia ichukue siku ya dhiki, usiifanye ratiba. Na ona vizuri, hata hapo Asri inaingia kwa Adhuhuri na Magharibi kwa Isha. Adhuhuri kuiswali saa nne usiku hakuna aliyeisema.

Alafu kuna mumeo. Umeandika anarudi baada ya Isha maana anapitia msikitini, ukaendelea na maneno yako kama vile hicho ni kitu kidogo. Mi siwezi kukipita. Ndugu yangu mume, kama utasomewa hii, msikiti ni kheri na safu ya kwanza ni kheri, lakini mkeo kakesha na mtoto, kakaanga vitumbua vinavyosaidia kulipa kodi ya nyumba, na Magharibi inampita kila siku kwa kukosa mtu wa kumshikia mtoto dakika kumi. Bi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa anafanya nini nyumbani kwake, akasema alikuwa kwenye kazi za watu wake, swala ikifika anatoka. Magharibi na Isha anza nyumbani, pita mpakate huyo mtoto mama yake aswali, ndo uende kwenye swala yako ya jamaa. Na siku za mapumziko mchukue binti na kaka yake mkae nao nje.

Na we mwanangu usione kwamba ibada yako ni ndogo kwasababu huna muda wa Yasini na nyiradi ndefu. Bi Fatima mikono yake ilikuwa imeota sugu kwa kusaga, akaenda kumuomba baba yake mtumishi. Alichompa ni maneno ya kusema anapolala, SubhanAllah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, akamwambia hayo ni bora kuliko mtumishi. Yanasemeka mtoto akiwa kwenye ziwa na taa imezimwa, hayataki udhu wala mswala.

Leo anza na swala itakayoingia baada ya kusoma hapa, usisubiri Ijumaa. Huyo dada wa darsa mpe salamu zangu, mwambie kama ana dalili ya alichokisema aje nayo, baada ya Asri nakuwepo.