Kumvisha Pete kwa Kushtukiza Unguja: Jua, Maji na Mshenga

Msomaji wa Dar es Salaam ameandika kwamba pete anayo, zimebaki wiki tatu, na anataka kumshtukiza mchumba wake Jambiani: yeye amepiga goti mchangani, jua linazama baharini, mpiga picha kajibanza kwenye minazi. Ameuliza swali moja tu, maua yawe ya rangi gani.

Kaka, maua tuyaweke pembeni kwanza. Jambiani jua halizami baharini. Iko mashariki ya kisiwa, sawa na Paje na Matemwe. Huko jua huchomoza majini, na jioni huteremka nyuma ya minazi ufuo ukiwa umeshaingia kivulini. Ukitaka jua lizame majini, nenda Kendwa, au upande wa magharibi wa Nungwi, au ubaki Mji Mkongwe pale Forodhani. Kwa wasiovuka, wanaobaki Dar, Coco Beach nayo inatazama mashariki. Slipway ndiyo inayotazama machweo, kwenye ghuba ya Msasani. Kama moyo wako uko Jambiani tu, basi fanya alfajiri. Ufuo ni mtupu, hakuna wauza vinyago, na jua linatoka mbele yenu.

Kuhusu saa, huku karibu na ikweta jua halina subira. Likishagusa maji halimalizi dakika 3, na kama dakika 20 baadaye giza limeshika. Kwa mwaka mzima machweo ya Unguja na Dar huangukia kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, kwa hiyo angalia ya tarehe yako. Goti lipigwe nusu saa kabla ya machweo. Ukisubiri hadi jua liguse maji, picha zitawatoa weusi kama vivuli, na uso wake, ambao ndio utakaotaka kuuona miaka ijayo, hautaonekana. Mwambie mpiga picha aje na lenzi ndefu, ile ya milimita 70–200, asimame hatua 20 au 30 kutoka kwenu. Piga goti ubavu wako ukielekea kamera. Ukimpa mgongo, atapiga shati lako.

Maji ndiyo yanayoharibu zaidi. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya Unguja hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hujaa karibu saa 10 alasiri. Mpambaji anayefika saa 6 mchana huona ufuo mpana, anapanga mishumaa na maua hapo chini, halafu saa 9 na nusu kazi yote inaelea. Kila siku inayopita, kujaa kwa maji huchelewa kwa karibu dakika 50, hivyo ratiba ya Jumamosi iliyopita si ya Jumamosi hii. Muulize mvuvi wa palepale au angalia jedwali la maji kujaa na kupwa, kisha pamba juu ya ule mstari wa mwani mkavu. Mstari huo ndio alama ya mahali maji yalipofika.

Mishumaa ya wazi isahau, upepo wa baharini hauiachi iwake. Tumia ya betri, au weka ya kawaida ndani ya chupa pana zenye mchanga wa kina cha vidole viwili. Na sasa maua: mawaridi 20 ukiyachambua hutosha duara la mita 2, rangi yoyote anayoipenda yeye. Yachambue siku ileile na yakae mahali penye ubaridi hadi saa 11 jioni.

Tuje kwenye pete. Kipimo chake usikikisie kwa macho. Chukua pete anayoivaa kwenye kidole kilekile, igandamize kwenye kipande cha sabuni kipya, uirudishe ilipokuwa, upeleke sabuni kwa sonara. Kwa rula, pima upana wa tundu la ndani: milimita 17 ni sawa na mzunguko wa milimita 53 na kitu. Ukiwa kati ya vipimo viwili, chukua kikubwa, kwa sababu vidole huvimba kwenye joto, na pete iliyokwama kwenye kifundo mbele ya watu ni fedheha kwake, si kwako. Pete iliyozungushiwa vito pande zote sonara hataki hata kuigusa kuirekebisha. Kwa pete ya dhahabu, soma muhuri wa ndani: 375 ni karati 9, 585 ni 14, 750 ni 18, 916 ni 22. Dai risiti yenye uzito na karati.

Tanzanaiti ni nzuri, na ni fahari yetu kwamba inachimbwa Mererani peke yake duniani. Lakini ugumu wake, kwenye kipimo cha 1 hadi 10, ni 6 hadi 7, ilhali almasi ni 10. Kwa mwanamke anayefua, anayepika na kuosha vyombo kila siku, jiwe hilo litachubuka na linaweza kupasuka kwa joto la ghafla. Kwenye hereni litadumu zaidi.

Kisanduku kipya kina bawaba ngumu. Kikifunguliwa kwa nguvu na mkono unaotetemeka, pete huruka, na mchanga wa Kendwa ni laini kama unga: pete ikiangukia humo, kila anayeinama kuitafuta anaizamisha zaidi. Kifungue na kukifunga mara 20 nyumbani mpaka kilegee, na pale utakapopiga goti tandika mkeka au kanga. Kanga iwe na jina lenye maana kwenu.

Siri huvujia kwenye simu. Meseji ya malipo kwa sonara ifute, na kundi la WhatsApp lipe jina la kamati ya harusi ya mtu mwingine. Kila mtu mjini yumo kwenye makundi matatu ya michango, hakuna atakayelishangaa. Wanaojua wasizidi wanne. Rafiki yake ampeleke saluni siku mbili kabla, nywele na kucha, kwa kisingizio cha sendofu. Mwanamke aliyevishwa pete akiwa na nywele nusu zimefumuliwa atatabasamu pale, lakini picha hatazipenda.

Hayo yote ni mapambo. Unachopaswa kumshtukiza nacho ni saa na mahali, basi. Jibu lazima ulijue tangu nyumbani. Kama hamjazungumza dini, watoto, mtaishi wapi na nani atawatunza wazazi, usimwite ufukweni mbele ya rafiki zake na kamera. Pale hana nafasi ya kusema “nipe muda”. Utakuwa umemtega, na “ndiyo” ya kutegwa huvunjika kabla ya kikao cha kwanza cha mahari. Mpende vya kutosha umwachie mlango wazi.

Na pete haichukui nafasi ya posa. Kwa wazazi wengi wa kwetu, binti ameposwa pale mshenga alipofika na barua na kishika uchumba, siyo pale picha ilipopendwa na watu 400. Familia nyingine za Kiislamu za pwani hazitaki kijana amshike binti mkono kabla ya nikahi. Pete huvishwa na shangazi au mama wa kijana, nyumbani. Uliza kwanza kupitia dada yake au shangazi yake. Ukiambiwa haifai, peleka mshenga, na hilo la kushtukiza mfanyie baada ya ndoa.

Akishakubali, mpiga picha awape dakika 10 za peke yenu. Kisha apigiwe mama yake, kabla ya picha yoyote kupandishwa. Simu aishike yeye binti, wewe kaa karibu, maana mama atasema “nipe huyo kijana”, na hapo uanze na shikamoo.