Kaka Ameleta Isale, Kihamba Hajarudisha

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Machame, nimeolewa Majengo, hapa Moshi. Baba alifariki akatuacha mama, kaka yetu mkubwa na sisi mabinti wawili. Kaka alishika kihamba chote, yaani shamba la ukoo, akang'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka wa ndani, akauza upande wa barabarani. Tulipouliza, alitujibu kuwa mwanamke wa Kichaga harithi kihamba. Leo ni mgonjwa, amekatwa mguu kwa ajili ya kisukari. Amemtuma mjomba na jani la isale, ambalo kwetu Wachaga ni la kuombea radhi: "Kama niliwakosea mnisamehe, ila habari ya ardhi tusiirudie." Mdogo wangu amekataa. Mama analia, anataka tukubali. Mjomba anasema ukikataa isale utapatwa na mabaya, na kuna sauti ya mhubiri inazunguka kwenye WhatsApp anasema asiyesamehe ndugu yake swala yake haivuki kichwa. Moyo wangu haujakubali, maana simwoni kaka akijuta. Je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Huna dhambi, dada yangu. Nalitanguliza hili kwa sababu mtu aliyenyang'anywa haki yake akaja kuambiwa kwamba mkosaji ni yeye, amedhulumiwa mara mbili, na mara hii ya pili kwa jina la dini.

Habari ya mirathi sitaikawiza. Suratun Nisaa aya ya 7 imewapa wanawake fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Mama yenu ana thumuni, yaani fungu moja katika nane. Kinachobaki, mwanamume huchukua mara mbili ya mwanamke: katika mafungu 32 mama ana 4, kaka yenu 14, na nyinyi 7 kila mmoja. Mila isemayo binti harithi haina nguvu mbele ya aya, na hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Sasa nije kwa huyo mhubiri, maana sauti yake nimeletewa na watu wengi na imenikera. Hadithi anayoisoma ipo kwa Ibn Majah. Inataja watu watatu ambao swala zao hazipandi juu ya vichwa vyao hata shubiri, na miongoni mwao ni ndugu wawili waliokatana. Waliokatana! Hadithi inasema juu ya kununiana na kuvunja undugu, haisemi juu ya mtu anayedai fungu lake. Unaweza kumsalimia kaka yako asubuhi, ukampelekea uji mchana, na jioni ukamwambia, "Kaka, zile sehemu saba zangu bado ninazidai." Hapo hujakata chochote.

Anatumia pia kisa cha Yusuf (a.s.) na ndugu zake: "Hapana lawama juu yenu leo." Kisa ni kizuri, lakini kwa nini aanzie aya ya 92 na kuiruka ya 91? Kabla ya Yusuf kutamka hayo, ndugu zake walikuwa wamesimama mbele yake wakisema kwa kiapo kwamba hakika wao walikuwa wakosefu. Hawakuweka "kama", wala hawakumwekea sharti kwamba habari ya kisima isirudiwe. Anaendelea na Abu Bakr aliyerudi kumhudumia Mistah baada ya lile zushi dhidi ya Bibi Aisha. Aya ile, Annur 22, ilikuja kwa sababu Abu Bakr aliapa kukata msaada aliokuwa akimpa jamaa yake maskini. Mistah hakuwa amekalia shamba la Abu Bakr! Kumtaka mtu aendelee kutoa sadaka ni jambo moja, na kumtaka aache alichofaridhiwa na Mwenyezi Mungu ni jambo jingine. Aya za Ashshura 40 na 41 zimeyaweka yote mawili pamoja: anayesamehe na kusuluhisha ujira wake uko kwa Allah, na aliyejitetea baada ya kudhulumiwa hana wa kumlaumu. Msamaha ni fadhila. Ukiulazimisha umeufanya ushuru.

Nimwulize mwenzangu: anapohubiri kwa ukali namna hii juu ya aliyedhulumiwa, ni lini alimhubiria dhalimu? Katika Bukhari, Mtume (s.a.w.) alimwamrisha mwenye dhulma ya nduguye ajitakase nayo leo, kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Katika Muslim amelaaniwa anayebadili alama za ardhi, na masale ya mpaka ndiyo alama zenyewe huku kwetu mlimani. Na aliyechukua shubiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba. Haya hayazunguki kwenye simu.

Umeniandikia pia kwamba huoni majuto kwa kaka yako. Hapa nakuomba uende polepole. Sura ya mtu haitoshi kuwa ushahidi. Ndugu za Yusuf walimjia baba yao usiku wakilia, na machozi yale yalikuwa ya uongo. Qabil, mwana wa Adam aliyemuua nduguye, Qur'ani imesema wazi kwamba alikuwa miongoni mwa wenye kujuta, na baadhi ya wafasiri wakasema alijutia tabu ya maiti iliyomshinda kuisitiri, hakujutia kuua. Kuna upande wa pili vilevile: mtu anaweza kuungua ndani na uso wake ukabaki mkavu, hasa wanaume wetu waliofundishwa kwamba kukiri mbele ya dada ni aibu. Mahakamani pia mshtakiwa akishatiwa hatiani hupewa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu, na hapo kila mtu huwa mnyonge. Usama bin Zayd, alipomuua mtu aliyetamka shahada akidai ametamka kwa hofu tu, aliambiwa na Mtume, "Je, uliupasua moyo wake?" Mimi na wewe hatukupewa kazi hiyo.

Ndiyo maana wanazuoni wetu hawakuyaacha majuto yaelee hewani. Imam Nawawi ametaja masharti ya toba: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudia, na ikiwa ni haki ya mja, kuirudisha au kuombwa radhi mwenyewe. Upande wa ndani wa kihamba bado uko mikononi mwa kaka yako, basi dhulma haijaachwa, inaendelea leo asubuhi. Ni sawa na mwizi wa ng'ombe kuomba radhi huku maziwa yanakamuliwa kwake.

Kuhusu isale, silipigi vita jani. Ni desturi nzuri ya wazee, imezuia damu nyingi, na anayelibeba anasema hadharani kwamba amekosa. Lakini jani halihalalishi mali ya mtu, maana Mtume amesema mali ya Mwislamu si halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Na ukiamini kwamba kulikataa kutakuletea mauti au ukoma, hapo umeingia katika itikadi mbovu. Mwambie mjomba hivyo kwa heshima.

Mama yako mnyenyekee. Machozi yake ni ya mzazi anayemwona mwanawe anaondoka. Anaweza kuiacha thumuni yake, ila fungu lako hana mamlaka ya kulisamehe, wala wewe huna mamlaka juu ya la mdogo wako. Usimlazimishe, hata wewe ukilainika.

Ukipenda, samehe yale maneno ya kukudharau na ubakize dai la ardhi. Inajuzu. Na moyo ukiendelea kuwa mzito kumtazama, kumbuka kwamba Wahshi, aliyemuua Hamza, ami yake Mtume, alisilimu na Uislamu wake ukakubaliwa, lakini Mtume alimwomba kama anaweza kumwepushia uso wake. Hata hivyo Wahshi hakuwa ndugu wa tumbo moja, na huyu ni mgonjwa. Nenda kamwone. Usimwambie "nimekusamehe" kwa kubanwa. Mwambie unamtakia afya, na kwamba unamwonea huruma kuondoka na deni hili. Halafu mwombe akiri mbele ya mashahidi wawili na aandike, maana deni hulipwa kabla ya mirathi yake kugawanywa, na wanawe watakuwa wamepona ugomvi. Kilichouzwa kikadiriwe thamani, mkitaka mfidiane katika kilichobaki. Akikataa kabisa, baraza la ardhi lipo, na kwenda huko hakuvunji undugu. Njooni na mjomba baada ya Ijumaa, tupige hesabu ya mafungu pamoja, na mdogo wako awepo.