Meno ya biti yanapasuka kabla hayajachakaa: kosa ni la jiwe au la mashine?

Swali: Mhandisi, salamu. Tunachimba visima vya maji hapa Goma kwa nyundo ya hewa, biti (kichwa chenye meno kinachopasua jiwe) ya milimita 165 na mabomba ya milimita 89. Kila mtu anatuambia jiwe la hapa ni gumu kupita kiasi. Lakini meno ya biti zetu hayaishi, yanapasuka yakiwa bado yanang'aa. Mara nyingine tena hewa inapotelea chini, hatuoni chenga yoyote ya jiwe ikipanda. Tununue biti ya aina nyingine, au tutafute kompresa kubwa zaidi? (Fundi, Ndosho)

Jibu: Ndugu fundi, asante kwa kueleza vizuri namna meno yanavyoharibika, maana jibu limo humo. Ugumu ni sifa moja tu ya jiwe. Kuna pia namna linavyokwaruza chuma, na kuna namna lilivyopasuka na kubaki na uwazi ndani. Hapa Goma hii ya mwisho ndiyo inayowatesa.

Lava ya volkano ya Nyiragongo ina silika kidogo, kwa hiyo ni nyepesi kutiririka, na ikiganda haina kwatsi. Kwatsi, madini magumu ya silika, ndiyo inayosaga meno ya biti. Wenzenu wa Lubumbashi wakikutana na miamba yenye silika nyingi, wanaona meno yamekuwa bapa baada ya muda mfupi. Yenu hayawi bapa, na hapo ndipo mtu anadanganyika. Mapigo na joto hufungua nyufa nyembamba sana kwenye ngozi ya jino. Ipeleke biti juani, ipanguse, uitazame kwa lenzi: utaona mistari iliyokatana kama magamba ya nyoka. Kwa kuwa jiwe halikwaruzi vya kutosha kuiondoa ngozi hiyo, nyufa zinazama ndani hadi siku jino linapasuka lote.

Kwenye jiwe linalokwaruza, jino hunolewa pale sehemu bapa inapofikia theluthi moja ya kipenyo chake. Ninyi msingoje hiyo theluthi, haitafika. Noeni mara tu magamba yanapoonekana, mwondoe ngozi iliyopasuka na kulirudishia jino umbo lake. Najua ni vigumu kumshawishi mwenye mashine anoe jino linaloonekana jipya, lakini biti nyingi zinafia hapo.

Sababu ya pili ni matabaka. Kila mtiririko wa lava una vipande vilivyolegea juu, jiwe zito katikati, kisha vipande tena chini, na mara nyingine pango kabisa. Jiwe zito la aina ya basalti linaweza kuhimili mgandamizo wa megapaskali 100 hadi 300. Ukitoka hapo ukaangukia kwenye uwazi, nusu ya uso wa biti inagonga jiwe na nusu haina kitu, meno machache yanabeba pigo lote. Fundi wa mashine asikilize. Mlio mkali wa kufuatana sawasawa ukigeuka kuwa mzito au wa kurukaruka, apunguze msukumo papo hapo, aendelee kuzungusha polepole, aingie tabaka jipya taratibu hadi uso wote wa biti ukae. Kwa biti ya 165, mizunguko 15 hadi 25 kwa dakika inatosha.

Sasa kompresa. Hewa tupu inahitaji kupanda kwa mwendo wa mita 15 hadi 20 kwa sekunde ili ibebe chenga. Nafasi kati ya shimo lenu na mabomba ni kama mita za mraba 0.015, kwa hiyo mnahitaji takriban mita za ujazo 14 hadi 18 za hewa kwa dakika. Mkumbuke pia kwamba Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyembamba kwa takriban asilimia 14, na nyundo inaihisi. Kama kompresa yenu inatoa hewa chini ya kiasi hicho, ndiyo, ni ndogo. Kama inafika, msinunue nyingine, maana mtazilisha hewa nyufa za jiwe tu. Tumieni povu, linabeba chenga hata hewa ikienda polepole. Chenga zikikoma kabisa, simameni. Ukiendelea kuchimba, zile zilizokwama juu ya nyundo zitaifunga, na mtaiacha shimoni pamoja na mabomba. Jazeni sehemu hiyo saruji, ingojeeni ikauke, mpasue upya. Ama mshushe bomba la kinga kupita vipande vilivyolegea.

Hivyo basi, biti yenye meno ya mviringo mliyo nayo inafaa. Yale yenye ncha yanakwenda haraka kwenye jiwe laini, lakini kwenye matabaka haya yatavunjika mapema zaidi.

Jambo moja hamkuliuliza, nami siwezi kuliacha: mazuku, yaani hewa ya kuua inayotoka ardhini. Nyufa hizo zinazomeza hewa yenu zinaweza kutoa kaboni dioksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa na haionekani. Asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, pimeni hewa kwa kifaa usawa wa ardhi kuzunguka shimo. Asishuke mtu kwenye shimo la matope wala bondeni kabla ya kipimo hicho, na usiku mdomo wa kisima ufungwe.