Mbao za WASR-10: anza na msasa

Kaka, umeuliza kama uing'oe mbao ya WASR-10 yako, bunduki ya aina ya AK, uweke plastiki. Mimi nakusihi uiache. Bunduki hiyo imetengenezwa Cugir, Romania, na mbao yake ni tabaka nyembamba zilizogandishwa kwa gundi; ikisafishwa vizuri, mistari yake inapendeza mno.

Kwanza toa magazini, vuta komeo, tazama chemba kwa macho yako. Kisha piga msasa laini kufuata mistari ya mbao, na upake mafuta ya kitani kwa kitambaa, tabaka jembamba, ikauke ndipo urudie. Matambara yenye mafuta usiyarundike, huwaka moto yenyewe.

Ukitaka kweli kubadilisha, chunga sheria ya Marekani, kifungu cha 922(r), kinachohusu bunduki zinazounganishwa kwa vipuri vya kigeni. Bunduki kama hii ikiunganishwa hapa Marekani, vipuri vilivyotoka nchi za nje visizidi 10 kati ya 20 vilivyoorodheshwa. Kitako, kishikio cha mkono na kile cha mbele vyote vinahesabiwa! Ukitoa kishikio cha Kimarekani ukaweka cha zamani cha Kirusi, hesabu ya vipuri vya kigeni inapanda. Sheria za jimbo lako nazo zisome kabla hujanunua chochote.