HP zinatosha, kina je? Soma kabla hujanunua keisi ya Eurorack

Mi nilipoanza mambo ya sintesaiza za moduli, yaani ala ya muziki ya umeme unayoiunda kwa vipande (moduli) ndani ya keisi moja, nilikuwa nahesabu HP tu, yaani kipimo cha upana. Keisi ina HP 84, moduli ya Maths ya kampuni ya Make Noise inakula 20, Plaits 12, Rings 14, jumla 46, zinabaki 38, nikaona nafasi ninayo tele. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, shida ilikuwa nyuma ya paneli.

Kwa anayeanza: Eurorack ni mfumo wa Mjerumani Dieter Doepfer, wa miaka ya 90. Kwenda juu moduli zote za kawaida ni sawa, kimo kinachoitwa 3U, paneli ni milimita 128.5. Kinachobadilika ni upana, HP moja ni milimita 5.08, kwa hiyo safu ya 84 ni kama sentimita 42.7 na ya 104 inakaribia 53. Hapo hakuna utata.

Sasa kina. Keisi yangu ya kwanza ilikuwa ile bapa, imeandikwa kina milimita 45, na nilikuwa na moduli ya mtumba imeandikwa 40, nikajua inaingia tu. Nachomeka riboni (waya bapa wa umeme), naishusha, upande wa kushoto umelala vizuri kwenye reli, wa kulia umebaki juu kama unene wa penseli. Nilitaka kuikandamiza kwa skrubu, nashukuru Mungu nilisita nikamulika na tochi ya simu, kumbe plagi ya moduli imeikalia bodi ya kugawa umeme! Ile 40 haikuhesabu plagi wala mkunjo wa waya, na ile 45 ilipimwa mpaka sakafu ya keisi, sio pale bodi ilipo. Ningekaza ningepasua bodi au kupiga shoti. Kwa hiyo chukua rula upime mwenyewe, toka kwenye reli mpaka kitu kilichoinuka zaidi humo ndani, halafu toa sentimita moja nzima ya plagi, usisikilize tangazo.

Umeme nao ni nafasi. Jumlisha miliampia za volti +12 peke yake, -12 peke yake, +5 peke yake, na bakiza kama robo hivi ya umeme wa keisi bila kutumia. Na mstari mwekundu wa riboni uende upande wa -12, angalia mara mbili jamani, moduli nyingi zimeungua hapo.

Halafu vidole. Moduli za HP 4 zinavutia sana kwa sababu zinajaza vipengo, ila ukipanga tano pamoja na waya zimening'inia hugusi nobu bila kusukuma nyingine, mi bora moduli moja pana ninayoweza kuicheza gizani.

Na ukiona keisi yenye safu ndogo ya 1U, uliza kwanza ni ya aina gani, maana ya kampuni ya Intellijel na ya Pulp Logic haziingiliani.